Kibali cha Msasi Mgeni

Shangazi yangu alinipigia simu asubuhi moja ya kiangazi akaniambia wamefika mpaka jikoni. Sikumuuliza kina nani. Nguruwe hawataji kwa jina, anasema neno lenyewe linachafua kinywa, na kwa mwezi mzima alikuwa akinieleza jinsi "wale wanyama" walivyokuwa wakila muhogo wake tuta kwa tuta. Sasa walikuwa wamevunja ua na kupindua chungu.

"Mwanangu, njoo," akasema. "Muhogo huno ukisha, watoto wananhamisha."

Nilimwelewa. Shangazi ni dada pekee wa marehemu baba yangu. Aliolewa Pemba akiwa kigori, akapelekwa Shumba, na tangu hapo Unguja huja kwa harusi na maziko tu. Mimi nikiwa mdogo nililelewa kwake miaka michache. Mumewe amezikwa nyuma ya nyumba, na pembeni yake wamelala watoto wawili waliokufa wachanga. Waliobaki hai wanaishi mjini Unguja, na kila Idi humwambia hamie kwao. Jibu lake lilikuwa moja: mimi nina shamba, nala jasho langu, mnipeleke wapi? Shamba likiisha, na jibu limekwisha. Ndiyo maana aliniita mimi, si watoto wake.

Mimi ni fundi seremala, lakini kwetu kusini mwa Unguja nimezaliwa msasi. Baba alikuwa msasi, na babu vilevile. Tunasaka kwa mbwa, mikuki na marungu. Hatuli tunachokiua, tunafukia, tunajitoharisha, tunarudi makwetu. Kazi yetu ni kulinda mashamba ya watu. Shumba nao walikuwa na wasasi wao zamani, ila wakubwa wamekufa na vijana hawataki kufuga mbwa. Nikakusanya wenzangu sita na mbwa wanne, nikadhani iliyobaki ni safari tu.

Nilijidanganya. Kusaka kwenu ni kuamka na kuchukua mkuki. Kusaka ugenini ni karatasi. Nilitakiwa niwe na barua ya sheha wangu, cheti cha chanjo kwa kila mbwa, barua ya sheha wa kule ninakokwenda, na kibali cha ofisi ya misitu. Wenzangu na mbwa niliwaacha Unguja wakisubiri boti ya mizigo, mimi nikatangulia Pemba, mjini Wete, nikafikia mtaa wa Jadida kwa fundi mwenzangu. Siku tatu nilikwenda ofisini na kurudi. Mimi ni mtu wa hasira, nakiri, na hasira zangu nyingi zimenipata mbele ya meza za ofisi.

Karani alikuwa binti mpole, umri wa mwanangu wa mwisho. Alisoma karatasi zangu zote, akazipanga vizuri, akanirudishia.

"Mzee wangu, fomu hii ni ya mkaazi. Wewe si mkaazi."

"Kwani Unguja na Pemba si nchi moja?"

"Nchi moja, mzee. Fomu mbili."

Nilitaka kupiga meza. Binti akanitazama kwa upole uleule, akatoa fomu ya pili, akanionyesha sehemu ya chini. Msasi mgeni lazima awe na mdhamini, mwenyeji wa pahala, aje mwenyewe kutia saini. Mgeni ni kuku mweupe, hilo nililijua, lakini sikujua kwamba kuku naye anahitaji mtu wa kumshikia miguu.

Shangazi alikuja kesho yake nyuma ya bodaboda, amejitanda kanga mpya. Karani alimsomea masharti neno kwa neno: mgeni akiharibu, au akiingia asitoke, mwenye kuulizwa ni mdhamini.

"N'taulizwa mie," shangazi akasema, akabonyeza dole gumba kwenye wino. Halafu akalifuta dole kwenye mkono wa shati langu, kama alivyokuwa akinifutia uji nikiwa mtoto, na karani akacheka.

Kibali kikapigwa muhuri. Nilikikunja nikakitia mfukoni nikiwa na furaha ambayo leo naionea haya. Nilipiga simu Unguja, wenzangu wakapakia mbwa, na baada ya siku mbili tukawa Shumba sote, tumejazana kwenye baraza la shangazi.

"Hicho cha Serikali," shangazi akaniambia, akikigusa kibali kwa ncha ya kidole. "Bado cha wenyewe."

Nilikasirika tena, ingawa sikuwa na haki. Hata kwetu msitu una wenyewe wasioonekana, na una mvyale, mtu aliyerithi kwa wazee wake kazi ya kuufungua kwa wanaotaka kuingia. Baba hakuwahi kusaka bila ya kupita kwa mvyale, na baba sala tano hazikumpita. Nilichoka tu. Niliona nimeshapigiwa muhuri wa kutosha.

Mvyale wa pale alikuwa mwanamke wa makamo, mkulima wa mwani. Tulimkuta pwani, miguu ndani ya maji, anafunga mbegu kwenye kamba. Hakuacha kazi yake. Alimsalimu shangazi kwa adabu ndefu, mimi akaniuliza jambo moja tu.

"Mnangia wangapi?"

Nikatoa kibali mfukoni nisome. Nilitaka aone muhuri, nisijitetee bure. Kwenye fomu jina langu lilikuwa juu, mstari wa mwombaji, peke yake. Chini yake palikuwa na jedwali la wasasi wanaoambatana naye. Mimi nikasoma jedwali.

"Sita," nikasema.

Fundi ninayepima ubao mara tatu kabla ya kuukata, nilisahau kujihesabu. Shangazi alikuwa kando yangu na hakunisahihisha. Hakujua kusoma, na aliiamini ile karatasi kuliko mimi nilivyoiamini.

Alasiri mvyale alikuja kwenye mlango wa msitu, pale njia ya mashamba inapoingia kwenye miti. Alichoma ubani, akazungumza na wenyewe kwa sauti ya chini, akachomeka ardhini vijiti sita vilivyochongwa ncha. Kisha akatupa masharti. Kila msasi atakayetoka atang'oa kijiti kimoja, akivunje. Mle ndani tusiitane kwa majina. Sauti yoyote isiyo na uso tusiiitikie. Adhuhuri isitukute ndani. Na mdhamini wetu atakaa pale mlangoni tangu tunaingia hadi tunatoka, wala asisemeshe msasi mpaka vijiti vimekwisha. Yeye mvyale kesho hatakuwapo. Maji yalikuwa ya bamvua, yanakupwa mbali, na mwani haumsubiri mtu.

Tuliingia baada ya sala ya alfajiri, kumeshapambazuka. Shangazi alikuwa ameshakaa kwenye mkeka wake, tasbihi mkononi, mbele ya vijiti. Tulipita mmoja mmoja na mimi nikiwa wa mwisho. Niliona midomo yake ikienda. Nilipofika mbele yake alinyanyua mkono, akaushusha, akautia chini ya kanga. Nikadhani ananiombea dua. Nikamtabasamia, nikapita.

Msitu wa kule ni wa mawe ya pwani, mashimo na mizizi, na miti yake si mirefu. Mtu hawezi kupotea siku nzima. Saa ya kwanza mbwa walifanya kazi vizuri. Tulipata nyayo, tukapata mahali wanyama walipolala, na kabla ya saa nne tukamuua dume mkubwa kwenye bonde dogo lenye matope. Tukamfukia. Mbwa wakashika harufu nyingine, wenzangu wakawafuata, na mimi nikabaki nyuma nikikazia mkuki mpini.

Hapo pakanyamaza. Sijui niseme vipi. Upepo ulikuwapo, majani nilikuwa nayaona yakicheza, lakini sikuyasikia. Hata mbwa sikuwasikia, na walikuwa mbele yangu hatua hamsini, nawaona mikia yao. Nikadhani masikio yameziba. Nikatikisa kichwa. Ndipo nikaitwa.

Niliitwa kwa jina langu la utotoni, jina ambalo waliokuwa wakiliita wote wamekufa isipokuwa mtu mmoja. Sauti ilikuwa ya shangazi. Ilitoka nyuma yangu, upande tuliotoka, na haikuwa ya mbali. Lakini mlango wa msitu tulikuwa tumeuacha mwendo wa nusu saa, na kwenye mawe yale hata mwanamume mwenye pumzi zake asingesikika.

Nikaitika, "Labeka!"

Nilikuwa nimeshaitika kabla ya kukumbuka sharti. Mwenye kulelewa na shangazi anayemheshimu haitikii kwa kufikiri. Nikageuka nyuma. Hapakuwa na mtu. Sauti zikarudi zote mara moja, upepo, majani, mbwa, na wenzangu wakipiga ukelele kwamba wamempata jike. Nikakimbilia kwao. Sikumwambia mtu, kwa aibu.

Tulimfukia jike, tukaanza kurudi. Njiani mbwa wangu mwenyewe, niliyemlea tangu hajafungua macho, alikataa kutembea na mimi. Nilimpigia mluzi, akaja, akaninusa mkono, akarudi nyuma akinikoromea. Mwenzangu mmoja akacheka akasema hata mbwa amekuchoka. Nikacheka nami. Tulisimama kwenye dimbwi, tukaosha mikono na mikuki mara saba, moja kwa udongo, tukatoka adhuhuri haijaadhiniwa.

Shangazi alikuwa palepale. Wa kwanza akang'oa kijiti, akakivunja. Wa pili, wa tatu. Mimi nilikuwa wa mwisho tena. Nilipofika nikainama, na chini palikuwa na mashimo sita madogo na hakuna kijiti.

Nilijua saa ileile. Nikaliona jedwali, nikaliona jina langu limekaa juu peke yake. Nikafungua mdomo nimwambie shangazi nicheke naye, maana nilitaka sana liwe jambo la kuchekesha.

Shangazi alikuwa anawatazama wenzangu. Alimtazama kila mmoja usoni, akahesabu kwa shanga za tasbihi. Kisha macho yake yakanifikia, yakanipita.

"Sita," akasema. "Na mwanangu yuwapi?"

"Shangazi, mie huyu."

Aliniangalia kwa adabu, namna mtu anavyomwangalia mpita njia aliyeingilia mazungumzo. "Ahsante, baba. Lakini namngoja mwanangu." Akageukia wenzangu. "N'limhesabu akingia. Vijiti sita, vichwa saba. Sikuweza kumsemesha, nkanyamaza. Tena moyo ukanishinda, nkamwita arudi. Akanitikia. Labeka, akasema, n'lisikia kwa masikio yangu. Mbona hakuja?"

Hakuna kati ya wenzangu aliyejua niliitwa. Walinitazama. Nikakaa chini.

Watoto wake walikuja kwa boti ya kwanza, wakampeleka hospitali. Daktari alisema ni presha, na kwamba mshipa mdogo wa kichwa huenda uliziba pale alipokaa juani muda mrefu. Nilimshukuru. Nilitaka sana liwe hilo, na huenda ndilo. Lakini shangazi anajua siku na tarehe, anajua majina ya wajukuu wote, anajua nani ameazima kifuu chake cha kupimia mchele. Mtu asiyemjua ni mimi tu. Nikikaa mbele yake ni mgeni. Daktari nilimuuliza hilo, akasema kichwa cha binadamu kina mambo.

Nilirudi kwa mvyale pwani, safari hii bila karatasi. Nilimweleza kila kitu, hata ile labeka. Aliacha kamba yake.

"Mie n'liombea sita," akasema. "Wa saba mlimngiza wenyewe, hapana aliyemfungulia. Asiyefunguliwa kungia hatofunguliwa kutoka."

"Nimetoka. Niguse, mimi mtu."

Hakunigusa. Aliniuliza kama nimekula, akanipa maji, akarudi kufunga mwani.

Nguruwe hawakurudi. Hilo lazima niliseme, kwa sababu ndilo lililonipeleka. Muhogo ulichipua, ua ukajengwa upya, shamba likasimama kama zamani. Nilirudi Unguja kwenye randa zangu. Siku ya nne simu ililia, namba ya shangazi. Nikaweka randa chini, nikapokea.

"Mwanangu!" Sauti ilijaa furaha. "Uko wapi? Mbona hutoki?"

Kwenye simu ananijua. Ananijua kikohozi changu, ananitania, ananiuliza mke wangu hajambo. Anachojua yeye ni kwamba nimo msituni. Anauliza nakula nini mle, na kama mvua inanipata. Mara ya kwanza nilimbishia mpaka akalia, sikurudia. Sasa namjibu. Namwambia nimekula, shangazi, na nimepata pakavu. Nikishakata simu nakaa karakana peke yangu, na siku nyingine nikiwa hivyo hunijia kwamba sauti yangu mle karakanani haisikiki vizuri, kama siku ile majani yalipocheza bila mlio. Sipendi kukaa na wazo hilo. Nawasha mashine ya kuranda.

Kila asubuhi shangazi hubeba mkeka wake akakae kwenye mlango wa msitu. Huko hupigwa na jua na mvua. Masika yaliyopita yalimwingia kifuani, akalazwa. Watoto wake walitaka kumchukua, akakataa. Wakamwambia shamba hulilimi, watu wanakulimia, unabakia kwa nini? Akawajibu kwamba yeye ni mdhamini, ametia dole, na mtu aliyemdhamini hajatoka. Wakarudi Unguja bila yeye.

Ndipo binti yake mkubwa akaja karakana kwangu. Alikaa kwenye rundo la mbao, akatazama vumbi, akasema, "Kaka, nenda kamwambie umekufa."

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo kaka hamwambii dada. Alisubiri nimalize, akafuta machozi kwa buibui. "Atakufa kwa baridi pale," akasema. "Anakungoja wewe. Akijua hupo tena, ataondoka. Habari yako tukimpa sisi haamini, anasema tunamhadaa. Mgeni atamwamini."

Nilifikiri wiki nzima. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, na mimi mwenyeji wangu nilimwona anavyopona. Nikapanda boti.

Nilimkuta ndiyo kwanza anatoka mlangoni mwa msitu, mkeka kwapani. Alinikaribisha vizuri. Ameshanizoea, mgeni wa Unguja anayekuja kila baada ya muda na hajulikani anataka nini. Alitandika chini, akaleta muhogo wa nazi, wa shamba lake ule, laini, unavunjika wenyewe, na samaki changu wa kukaanga. Sahani zilikuwa mbili. Moja akaniwekea mimi. Ya pili akaifunika kawa, akaiweka kando, nami sikuuliza ya nani.

Nilikula tonge moja. Nikaona nikingoja nitashindwa.

"Bi mkubwa," nikasema, maana shangazi hataki nimwite, anasema neno hilo lina mwenyewe. "Nimekuja na habari ya mwanao."

Mkono wake ulisimama juu ya samaki. "Ya kheri?"

Nikashusha macho kwenye sahani.

Alitazama mlangoni, akatazama dirishani, akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya ubani kwenye kanga yake. Akaninong'oneza.

"Kama ya kheri, sema. Kama ya msiba, kaa nayo, baba yangu, usinipe. Watoto wakijua keshafa, wananhamisha kesho. Lakini muda nnamngoja, hapana wa kunitoa pano."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa makavu na yalikuwa yamenikazia, hayakunipita kama siku zote. Nilitaka kumuuliza, shangazi, wanijua? Swali lilifika kwenye meno. Akisema hapana, ningerudi kwetu na huzuni niliyokwisha izoea. Akisema ndiyo, basi alikuwa ameniangalia akaiangalia nyumba yake na makaburi yake matatu, akachagua. Niliogopa ndiyo yake, na sikuuliza.

Akanitolea mwiba kwenye samaki, akanisogezea nyama.

"Kula, mgeni, chakula chapoa."

Nikala. Simu yangu ikalia mfukoni. Nilijua ni binti yake, anataka kujua kama nimeshakufa. Sikuipokea.